Pomadi ya kukinga jua: ya nani kwanza?



Kuna ulizo linalorudi karibu kila wiki kwenye dispansere. Mama mmoja ameona tangazo ndani ya simu: msichana mzuri anajipaka pomadi nyeupe usoni, na maneno yanasema kila mtu ajipake hivyo kila asubuhi juu ya jua. Mama anauliza: "Munganga, na siye tupake?" Mbele sijajibu, baba fulani aliyekaa kwenye benchi amekwisha kujibu: "Ile ni mafuta ya bazungu. Siye tuko beusi, jua itatufanya nini?" Na benchi yote inacheka.

Mimi naona huyo mama ana sehemu ya haki, na huyo baba naye ana sehemu yake. Lakini wote wawili wanamsahau mtu wa tatu, ambaye kwake pomadi ile si urembo hata kidogo. Ni juu ya mtu huyo nimeshika kalamu. Nitafika kwake, ila kwanza tuelewane juu ya jua lenyewe na juu ya ngozi.

Mji wetu wa Kolwezi uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Pahali pa juu hewa ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua inayounguza ngozi, ile inayoitwa ultravioleti, inaongezeka karibu 10 kwa mia. Mionzi hiyo haionekani kwa macho, wala haileti joto. Ndiyo sababu watu wanadanganyika mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inatubana asubuhi na kila mtu anatafuta ukuta wa kuota jua. Upepo ni baridi, mbingu haina wingu hata moja, na mionzi inashuka bila kizuizi. Kisha unakuja mwezi wa kumi. Karibu na tarehe 20 ya mwezi huo, na tena karibu na tarehe 20 ya mwezi wa pili, jua linapita wima juu ya Kolwezi. Simama nje baada ya saa sita ya mchana kidogo, utafute kivuli chako: kiko chini ya boti zako. Mwezi wa pili kuna mawingu ya mvua, ni kweli, lakini wingu jepesi linaacha sehemu kubwa ya mionzi ipite.

Saa mbaya ni kutoka saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi ya mchana. Anayefanya kazi ya mchana chini ya kariere, pahali pasipo mti wala paa, anazipokea saa hizo zote kichwani.

Sasa ngozi. Mungu ametupa rangi, na rangi hiyo ina kazi. Inaitwa melanini. Inakaa ndani ya ngozi kama mwavuli, inakamata mionzi mbele haijafika chini. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walipima jambo hilo. Waliona ngozi nyeusi ina kinga ya asili karibu 13, na ngozi nyeupe karibu 3, kwa kipimo kilekile kinachoandikwa juu ya tyubu kwa herufi SPF. Kwa hiyo baba wa kwenye benchi hakusema uongo. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni haba sana kwa mtu mweusi.

Lakini 13 si ukuta wa saruji. Mionzi kidogo inapita. Inazeesha ngozi, inatia madoa, inaunguza midomo. Na macho hayana melanini ya kutosha kuyaokoa: wengi wetu tunawajua wazee wa kariere wenye nyama inayoota ndani ya weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni. Jua na vumbi ndivyo vimeiotesha. Mtoto wa jicho naye anaharakishwa na jua.

Je, basi kila mfanyakazi anunue pomadi? Tupige hesabu pamoja, maana matangazo hayapigi hesabu hii.

Ili pomadi ifanye kazi kama ilivyoandikwa, unahitaji kijiko kizima cha chai kwa uso, masikio na shingo, na kijiko kizima kwa kila mkono. Hivyo ni vijiko vitatu, karibu mililita 15. Ukitoka jasho inaoshwa. Hata usipotoka jasho, baada ya saa mbili inabidi kupaka tena. Ukipaka saa mbili ya asubuhi, saa nne na saa sita, umemaliza karibu mililita 45. Tyubu ya kawaida ina mililita 50. Maana yake mtu wa kariere, akifuata sheria sawasawa, anamaliza tyubu moja kwa siku moja! Nani kati yetu ataweza? Ndiyo maana anayenunua anapaka tone moja juu ya pua na kulisambaza mpaka sikio. Pomadi nyembamba hivyo haina tena kinga iliyoandikwa juu ya tyubu. Amelipa bei ya 50, amepata labda 10, na rangi yake mwenyewe ilikuwa inampa zaidi.

Kwa hiyo kwa mfanyakazi mweusi mwenye ngozi nzima, neno langu ni hili: nguo kwanza, pomadi nyuma. Mikono mirefu ya kombinezoni isikunjwe mpaka bega saa sita ya mchana, hata kama joto linaomba. Kitambaa cha kisogo kifungwe nyuma ya kaske, kwa sababu ukingo wa kaske ni mfupi na shingo inabaki wazi. Lakini kisiwe kofia nzito iliyoshindiliwa ndani ya kaske, ile mnayovaa asubuhi za baridi: inaharibu nafasi kati ya kichwa na kaske, na siku jiwe likianguka nafasi hiyo ndiyo inakuokoa. Miwani ya usalama tunayopewa ni ya polikaboneti. Hata ile isiyo na rangi inazuia karibu mionzi yote ya ultravioleti. Kuna watu wanaiweka juu ya kaske kama pambo, ishuke machoni. Na kapita akiweza kupanga kazi ya kuchimbua mitaro iwe ya asubuhi, na kazi ya chini ya paa iwe ya saa sita, amefanya kuliko tyubu kumi.

Kwa wanaounga chuma kwa umeme nina neno la pekee. Ule moto unatoa ultravioleti kali kuliko jua, na unamuunguza hata mtu mweusi kabisa, hasa pale chini ya kidevu ambapo kola imeachwa wazi. Nimesikia kijana akisema anajipaka pomadi ya jua badala ya kufunga kola. Hapana. Pomadi haikutengenezwa kwa moto ule. Maski, kola ya ngozi na glavu, basi.

Na vumbi je? Vumbi letu lina kobalti, na kobalti inajulikana kuleta upele wa mzio kwa watu wengine. Ukipaka pomadi juu ya vumbi, umelifanyia gundi. Nawa kwanza kwa maji na sabuni, kausha, ndipo upake. Usipake pale maski ya vumbi inapokamata uso: mafuta yanaitelezesha na vumbi linapita pembeni.

Nimesema mama naye ana sehemu ya haki. Wako watu weusi ambao pomadi ya jua inawafaa kweli. Wa kwanza ni wanawake wenye madoa ya kahawia mashavuni na kwenye paji la uso, yale yanayotokea wakati wa mimba na kukataa kuondoka. Jua linayalisha madoa hayo. Hata dawa nzuri ya munganga wa ngozi haitafaulu kama jua linaendelea kuyapiga kila siku. Kwao kuna siri moja ambayo wauzaji wengi hawaijui: si ultravioleti peke yake inayotia madoa kwenye ngozi nyeusi, hata mwangaza wa kawaida unaoonekana unafanya hivyo, na pomadi isiyo na rangi haiuzuii. Inayouzuia ni ile yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma. Ndiyo, ile kutu nyekundu tunayoijua sisi watu wa madini. Na ile nyeupe ya mtindo wa zamani ni oksidi ya zinki, zinki kama ya Kipushi, ambako uchimbaji ulianza tena mwaka 2024. Zinki ni kinga nzuri, haichomi ngozi, ila mtu mweusi akiipaka anatoka kama ametumbukia ndani ya unga wa bukari. Kwa sababu hiyo ile yenye rangi inatufaa zaidi.

Wa pili ni watu wanaomeza dawa fulani. Doksisiklini, kwa mfano, inaweza kuifanya ngozi iungue upesi juani. Ukipewa dawa, uliza. Hapa niseme kwa kupita: ukiona shingo, mikono na miguu inageuka myeusi, inakwaruza na kubambuka kama imeungua, sawasawa pale jua linapofika, usikimbilie pomadi. Inaweza kuwa pelagra, ugonjwa wa kula bukari ya mahindi siku zote bila samaki, karanga, nyama wala maharagwe. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaomeza izoniazidi wanaweza kuupata pia. Huo unatibiwa kwa chakula na vitamini. Njooni mpimwe.

Wa tatu nitawataja bila kuficha, hata kama mtanikasirikia. Ni wale wanaojichubua.

Najua ninagusa nyumba nyingi. Mwisho wa mwezi ukifika, franka za pomadi ya kung'arisha zinatoka mbele ya franka za daftari za watoto. Na si akina mama peke yao. Vijana wa kiume wanaojipaka usiku ninawajua. Ndani ya makopo yale mna hidrokinoni, au klobetazoli, au zebaki. Kazi yake ni kuvunja ule mwavuli wa melanini. Unachukua ngozi yenye kinga 13 na kuibomoa kwa mikono yako, kisha unatoka nje saa sita ya mchana kwenda soko. Jua likiipiga ngozi iliyochubuliwa, inajitetea kwa kutoa madoa mengine, nawe unaongeza pomadi, na madoa yanaongezeka. Mwaka 1975, huko Afrika ya Kusini, waganga wa ngozi Findlay na wenzake waliandika juu ya wanawake waliotumia hidrokinoni muda mrefu: mashavu yalipata madoa meusi yenye rangi ya bluu, magumu kama changarawe, yasiyosikia dawa. Mwaka 1990 serikali ya nchi ile ikapiga marufuku hidrokinoni ndani ya pomadi za urembo. Madoa yale tunayaona hapa Kolwezi pia, na vile viungo vya vidole vinavyobaki vyeusi wakati mkono umekuwa mwekundu havimdanganyi mtu yeyote. Klobetazoli inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Siku ya kushonwa kidonda, au siku ya mama kuzaa kwa kupasuliwa, uzi haupati pa kushika. Zebaki inaharibu figo.

Sasa wafanyabiashara wameona njia mpya. Wanauza pomadi moja inayosema inakinga jua, na papo hapo inang'arisha. Ukiona juu ya tyubu neno éclaircissant pamoja na herufi SPF, iache. Pomadi ya kweli ya kukinga jua haibadilishi rangi ya mtu. Kazi yake ni kuilinda rangi uliyo nayo. Soma namba: 15 inazuia karibu 93 kwa mia ya mionzi inayounguza, 30 karibu 97, na 50 karibu 98. Kwa hiyo usimwage pesa kwa kutoka 30 kwenda 50 ikiwa utapaka kidogo. Tafuta pia herufi UVA; kwenye tyubu nyingi za kutoka Ulaya zimezungushiwa duara. Tazama tarehe ya mwisho. Usinunue ile inayogawanywa kwa kijiko kutoka ndoo kwenye soko, na usiiache ndani ya kabini ya lori, maana joto linaiua. Vazilini na mafuta ya ngazi yanalainisha ngozi, lakini hayazuii jua. Na mtoto mchanga, chini ya miezi sita, hapakwi kabisa: anawekwa kivulini na kufunikwa kitenge.

Kitu kingine ambacho pomadi haizuii, na ambacho kwa mtu mweusi ni cha hatari zaidi. Bob Marley, ambaye nyimbo zake bado zinapigwa katika kila nganda ya Kolwezi, alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kilichomuua ni saratani ya ngozi inayoitwa melanoma, iliyogunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Jua halikuhusika. Kwa watu weusi melanoma inapenda kukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Sisi tunaovaa boti siku nzima hatutazami nyayo zetu. Usiku, ukiosha miguu, inua unyayo, mke autazame. Doa jeusi linalokua, lenye kingo zisizo sawa, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, au kidonda cha zamani cha moto kisichopona miaka na miaka: usingoje, lete.

Nafika kwa mtu wangu wa tatu.

Ni mtoto albino. Katika kambi yetu wako, na katika vikundi vyenu kanisani na shuleni wako. Mnawaona asubuhi wakienda shuleni, macho yamefungwa nusu juu ya mwangaza, kofia hakuna, mikono mifupi ya shati la shule, midomo imepasuka. Mashavu yana vidoa vya kahawia na ngozi ngumu. Wengine wanawaita ndundu, na wanacheka. Mwavuli niliousema, wao hawakupewa. Hawana 13, wana karibu bure. Dakika chache za saa sita zinatosha kuwaunguza, na kila kuungua kunaandikwa ndani ya ngozi. Kigamba kinachokwaruza leo kwenye sikio la mtoto wa miaka kumi kinaweza kuwa kidonda cha saratani akiwa na miaka ishirini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha sema kwamba katika Afrika wengi wao wanakufa na saratani ya ngozi mbele ya kufika miaka 40. Hiyo ni saratani inayozuilika. Haitaki mashine ya mamilioni. Inataka kofia pana, nguo ndefu, kivuli, na pomadi ya jua.

Neno moja kwa akina baba, kwa sababu mambo haya yanavunja nyumba. Mtoto albino hakuletwa na mzungu, wala na laana, wala na mama peke yake. Baba na mama wote wawili, weusi kabisa, wanabeba ile alama iliyojificha ndani ya damu ya ukoo. Ikikutana ya baba na ya mama, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa albino. Bila alama ya baba, mtoto huyo hangezaliwa hivyo. Basi usimfukuze mama.

Turudi kwenye hesabu. Mtoto wa miaka saba, amevaa mikono mirefu, suruali ndefu na kofia pana, anabaki wazi usoni, masikioni, shingoni na mgongo wa mikono. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, asubuhi mbele ya shule na tena wakati wa mapumziko. Hivyo ni mililita 10 kwa siku, 300 kwa mwezi: tyubu sita za mililita 50. Sasa niambieni, mfanyakazi mwenye watoto sita, bei za farmasi tunazijua, atanunua tyubu sita kila mwezi kwa mtoto mmoja? Hatanunua. Atanunua moja mwezi wa kwanza, nusu mwezi wa pili, na mwezi wa tatu mtoto atapakwa vazilini.

Ndiyo sababu nasema, na nasema kwa jina langu mwenyewe kama mtu wa dispansere: pomadi ya kukinga jua iandikwe kati ya dawa zinazotolewa bure kwa mfanyakazi albino na kwa watoto na wake walio kwenye fishi ya mfanyakazi. Itolewe kwa mkono mmoja na kofia.

Hili si wazo la ajabu. Huko Moshi, Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, kuna kituo cha kufundisha waganga wa ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 karibu na hospitali ya KCMC. Pale wanatengeneza wenyewe pomadi ya jua yenye kinga 30, iitwayo Kilisun, kwa ajili ya maalbino, na kuwagawia bure. Kati ya wanaoitengeneza wako maalbino wenyewe. Hawagawi tyubu na kuondoka: wanawapima ngozi, wanawafundisha kuvaa, wanawaandika, wanarudi baada ya miezi. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni limeingiza pomadi ya kukinga jua ndani ya orodha yake ya dawa za lazima, kwa ajili ya kuwakinga maalbino na saratani ya ngozi. Orodha ileile yenye dawa za malaria na za kifua kikuu. Kwa hiyo anayesema ni kitu cha butiki ya urembo amechelewa.

Nimezungumza na wakubwa wa kazi na na bwana wa magazini, na majibu nimeyasikia. La kwanza: "Kampuni inalinda mfanyakazi kazini, siyo mtoto shuleni." Lakini mtoto huyo akipata malaria tunamtibu, akivunjika mkono tunamfunga plasta. Akipata saratani ya sikio tutampeleka Lubumbashi kupasuliwa, na baba atakosa kazi wiki nyingi. Tyubu sita na kofia ni bei ndogo mbele ya hayo. La pili: "Watauza pomadi sokoni." Hili lina uzito, nisilikatae. Wako watakaojaribu. Dawa yake naijua: hakuna tyubu mpya bila kurudisha tyubu tupu, na mtoto mwenyewe aje, tumtazame ngozi. Mashavu yanasema kama alipakwa au hakupakwa. La tatu: "Wote watataka." Basi tuwaeleze wote, kama ninavyofanya hapa, kwamba wao wana 13 na kaske, mtoto yule hana.

Walimu wa shule za kampuni, nanyi mnasikia: mtoto albino akae mbele, karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali, asipewe adhabu ya kusimama juani, mchezo wa mpira kwake uwe wa jioni. Hayo hayagharimu hata franka moja.

Kwa sasa nimefungua daftari. Kila baba au mama mwenye mtoto albino, na kila mfanyakazi albino, aje dispansere na fishi yake aandikwe, hata kama hana ugonjwa wowote siku hiyo. Tutapima ngozi kutoka kichwani mpaka mikononi, na kigamba chochote kibaya kitapelekwa kwa munganga mkubwa. Nataka wakubwa wa magazini waone hesabu kamili ya watu na ya tyubu mbele ya mwezi wa kumi, jua lile la wima halijafika. Mshonaji mmoja wa kambi amekubali kushona kofia za vitambaa vya kombinezoni zilizochakaa, zenye ukingo mpana wa kufunika masikio na kisogo. Mwenye kombinezoni kuukuu nyumbani, asiitupe, aioshe, ailete.